Je, kulipa kwa simu kunatuongezea matumizi ya nyumbani?

Mama wa Tabata: Ndugu zangu, tangu niache kubeba noti na kuanza kulipia unga, mboga na umeme kwa simu, fedha ya mwezi inakwisha tarehe 20. Je, ni bei au ni simu?

Mkazi wa Mbagala: Dada, noti ya 10,000 ikivunjwa unaiona ikipungua mkononi, ilhali kwenye simu unaona tarakimu tu. Mwaka 2001, watafiti Prelec na Simester walionesha nchini Marekani kwamba watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa kadi kuliko kwa taslimu, hata kwa tiketi ya mpira wa kikapu.

Babu Temeke: Mimi nalaumu makato. Anayetoa 5,000 kwa wakala mara nne hukatwa mara nne. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, ya Julai 2021, ndiyo iliyotufunza kutoa kwa mkupuo.

Mama wa Tabata: Shikamoo babu. Nimefungua jumbe za wiki iliyopita: makato ni madogo, lakini chipsi za watoto zimejirudia mara sita, na mnunuzi ni mimi mwenyewe.

Babu Temeke: Marahaba. Basi fedha ya chakula itoe Jumamosi, uiweke kwenye kopo.