Uchumi gani unakua wakati malaria inatumalizia mafundi na mitaji huku Tabora?

Wakuu nimechoka, leo lazima niseme.

Kila nikiwasha redio ni uchumi unakua, reli, barabara, madini, sawa. Ila sijawahi kusikia mtu anauliza homa inakula siku ngapi za kazi nchi hii. Mimi nina kiofisi cha kushona hapa Tabora, mafundi 5, na hela yetu ya mwaka iko kwenye sare za shule, yaani Desemba mpaka shule zikifunguliwa Januari. Sasa huo ndio msimu wa mvua na mbu, oda zinaingia na malaria inaingia, kila mwaka hivyohivyo.

Msimu uliopita kuna wiki nilikuwa na cherehani 5 na watu 2!! Mmoja kalala kwake, wawili wako zahanati na watoto. Na hao 2 waliobaki, mmoja dada wa watu kaja anatetemeka, saa 7 mchana jua linawaka yeye kavaa sweta na khanga juu, anashona kola inapinda, anafumua, anarudia, inapinda tena, mpaka nikamwambia dada yangu acha nenda ukapime. Kafika anaambiwa vipimo vimeisha, mseto hakuna, kanunue duka la dawa. Dawa ya malaria, Tabora, katikati ya mvua, inaishaje jamani?

Mwezi wa 2 mwanae akaishiwa damu kwa malaria hiyohiyo, wakapewa rufaa, akauza cherehani yake ya nyumbani aliyokuwa anashonea majirani jioni. Mtoto kapona, namshukuru Mungu. Ila ule mtaji ndio umeshakwenda, sasa anategemea kwangu tu.

Na sisemi kwa hisia. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa watoto chini ya miaka 5 nchi nzima kama asilimia 8, Tabora 23, tunaongoza. Huohuo ulikuta Iringa, mkoa unaolisha wenzake, zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Mtoto aliyedumaa darasani anahangaika, akikua kazini anahangaika. Benki ya Dunia 2020 walisema mtoto anayezaliwa Tanzania atakuja kuzalisha asilimia 39 tu ya ambacho angeweza kama angepata afya na elimu kamili. 39! Halafu tunagombania nani kajenga stendi.

Kwenye mkutano wa Abuja, Nigeria, 2001 serikali za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, mpaka leo hatujafika. Eti afya ni "huduma za jamii", kama vile ni msaada, wakati mikono inayoshona, kulima na kulipa kodi ndiyo hiyohiyo inayotetemeka.

Mbunge yeyote anayesoma humu anijibu. Mvua za Novemba zinajulikana tangu enzi za babu zetu, kwa nini dawa zisiwe zimeshafika Oktoba? Dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kiwanda tunacho Kibaha, mbona dimbwi la nyuma ya ofisi yangu halijawahi kumwagiwa hata tone?