Naomba ushauri: kiboti cha alumini, sakafu na riveti zinazovuja

Wakuu habari za muda huu, mi niko Moshi, nimepata kiboti cha alumini futi 12, mtumba, nakitengeneza mwenyewe hapa uani ili wikiendi nikavue perege bwawa la Nyumba ya Mungu. Wife anasema nimenunua sufuria kubwa, sawa tu.

Ishu kubwa ni sakafu. Ndani ni mbavu tupu, pa kusimama hamna, nataka nilaze plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao. Sasa seremala kaniletea zile mbao za dawa, za kijani, eti hazioziki, ila nimesoma kwamba hiyo dawa ina shaba na shaba ikigusana na alumini penye unyevu inaila taratibu mpaka inatoboka. Nipake rangi ya mafuta kwanza au nimrudishie tu mbao zake?

Pili riveti, zile pini zinazobana mabati ya boti. Nilijaza maji ndani jioni, asubuhi nakuta matone kwenye vumbi chini ya riveti tatu, nimezizungushia chaki. Mchomeleaji wa mtaani ana mashine ya kuungia mageti, anasema "lete tu", mi naogopa atanitoboa maana alumini inataka gesi ya agoni. Nizigonge upya au gundi ya epoksi inatosha?

Na foamu ya chini ya viti, ile ya kufanya boti isizame, imenyonya maji, nzito kama tofali. Nikiitoa niweke nini, madumu matupu ya lita 5 yaliyofungwa vizuri yanafaa? Siogelei vizuri kihivyo, msinifiche.