Naomba ushauri: watu wengi majini, tunawapandishaje melini?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni baharia wa meli ndogo ya mizigo, Dar hadi Pemba. Tangu meli ya abiria Spice Islander izame mkondo wa Nungwi Septemba 2011, watu wakielea juu ya magodoro, swali hili haliniachi: tukikuta watu mia majini, tunawapandishaje? Ubavu wa meli yetu una kimo cha mita tatu hivi juu ya maji, na ngazi ya kamba ni moja tu. Kwenye zoezi, kijana mzima wa afya alihangaika vidato vitatu, sembuse mama aliyeshinda anakunywa maji ya chumvi! Nafikiria wavu mpana wa kamba uteremshwe ubavuni. Nahodha anahofia mawimbi yatawabamiza. Aliyewahi kuutumia, uliufunga uzito gani chini usikunjamane?