Mrejesho: taa za trela ya kukodi zimekubali

Asanteni sana. Swali lilikuwa hili: pikapu ikivuta trela ya kukodi, ukikanyaga breki huku indiketa ya kushoto inawaka, kwa nini taa zote za trela zinafifia na kupepesa pamoja? Mliosema ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chesisi, mlilenga penyewe. Waya mweupe wa pini namba 3, kwenye soketi ya pini 7, ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Umeme ukikosa njia ya kurudi hupitia balbu za jirani. Kwangua chesisi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa boliti na washa ya meno (kipete chenye meno ya kuuma chuma), kisha paka grisi. Msibadilishe balbu kabla ya hapo, ni pesa bure.

Tufe la kukokotea ni la milimita 50, sawa na kofia ya trela inayolifunika. Ukishafunga, zungusha jeki ya mbele ya trela ili iinuke: mkia wa pikapu ukiinuka pamoja na trela, imeshika. Minyororo ya usalama ipite msalaba chini ya ulimi, yaani mkono wa mbele wa trela.

Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, la sivyo trela itayumba. Mteremko wa kutoka Kericho kwenda Ahero ni gia ya chini, si breki.