HP-85: kompyuta au mashine ya risiti?

Kijana wa Stoo: Shikamooni wakubwa. Nimekuta HP-85 stoo ya maabara. Skrini inchi 5, juu inatoa karatasi kama risiti ya dukani. Ilikuwa ya kazi gani hasa?

Mzee Voltimita: Marahaba. Hiyo ni kompyuta ya kampuni ya HP, ilitoka 1980, RAM (kumbukumbu ya muda) kilobaiti 16, na lugha ya programu ya BASIC imo ndani ya ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu. Ukiwasha tu unaandika programu. Nyuma ina nafasi 4 za moduli. Mimi nilichomeka ya HP-IB, ile ya kuunganisha vifaa vya kupimia, nikaunga voltimita, nikaiachia ipime usiku kucha. Asubuhi nakuta grafu imening'inia hadi sakafuni! Ukizipata karatasi hizo usizianike juani, maandishi hufifia.

Mama Data: Kilobaiti 16? Hata picha ya WhatsApp haiingii.

Mzee Voltimita: Haiingii, dada. Namba za usiku mzima ziliingia kwenye kaseti yake.