Ruzuku ya usalama majini imeishia kwenye semina, huku mwaloni bado tunavuka bila jaketi

Wakuu, salamu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Naishi kisiwa kimoja hapa Ukerewe, Ziwa Victoria, ni kiongozi katika kikundi cha ulinzi wa mwalo wetu, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Huku mtumbwi ndiyo daladala: mgonjwa, mwanafunzi, mama mjamzito, magunia ya muhogo, jeneza, vyote vinapita humo.

Mwaka juzi lilikuja shirika moja (jina naliacha) likasema lina ruzuku ya wafadhili kwa ajili ya usalama wa vyombo vya majini na maji safi visiwani. Tukakaa nao chini ya mwembe, wakauliza tunahitaji nini. Tukataja vitatu: jaketi okozi, za watoto zikiwemo, boti moja ya injini ya kukimbilia ajali, na maji ya kunywa yasiyotoka ufukweni. Wakaandika, wakapiga picha, wakaondoka na majina na sahihi zetu.

Hiyo boti hatukuiomba kwa tamaa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, Ukara. Kivuko cha watu 101 kilizidisha abiria, wakafa watu 228. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kila ajali ya ziwa hili iko hivyo, anayekuokoa ni jirani yako aliye karibu na maji. Sasa niambieni, kama wafadhili wanatoa fedha za uokoaji, ziende kwa nani kama si kwa huyo jirani?

Zilikwenda kwenye semina. Ya kwanza siku tatu hotelini Mwanza, kutoka kwetu wakaitwa watu wawili. Ya pili wakaileta kisiwani, lakini wakaiweka wiki ya giza. Aliyekulia ziwani ameshaelewa. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikishika ndiyo wavuvi wanapumzika. Tukawasihi wasogeze siku kumi tu. Jibu likawa robo ya mwaka inafungwa, fedha lazima zitumike. Basi waliofundishwa namna ya kujiokoa ni wenye maduka, walimu wawili na vijana waliofuata posho. Manahodha walikuwa wamelala baada ya kukesha majini. Karatasi ya mahudhurio niliiona kwa macho yangu, wote wameandikwa "wavuvi".

Jaketi zilikuja 40. Hakuna hata moja ya mtoto. Ukimvika mtoto wa miaka sita jaketi la mtu mzima, akiangukia majini linampanda kichwani na kumvuka, yeye anakwenda chini. Nyingine zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kuna moja tuliifunga kwenye nguzo ikaelea, tukaiacha kama saa moja, tuliporudi ilikuwa nzito kama godoro lililonyeshewa. Ndani sponji tupu.

Na hizo nzuri zikafungiwa stoo! Tukaambiwa ni mali ya mradi, hazigawiwi mpaka uzinduzi, na mgeni rasmi bado hajapata nafasi. Tukasubiri miezi minne.

Ndani ya miezi hiyo minne, dhoruba ya alfajiri iligeuza mtumbwi wa dagaa. Walitoka wanne, wakarudi wawili. Mmoja wa waliobaki ziwani ni mtoto wa dada yangu. Tulimpata siku ya tatu. Kutoka pale tulipomlaza mchangani, mlango wa ile stoo unauona.

Uzinduzi ulipofika wakaleta hema, spika, fulana na kofia. Watu wakavishwa jaketi wakapigwa picha. Jioni zikavuliwa, zikahesabiwa, zikarudi stoo "kusubiri utaratibu". Dada yangu alikuwa amesimama pale pale anaangalia.

Upande wa maji ni mfupi. Walichimba kisima, wakafunga pampu ya sola, ikafanya kazi miezi saba. Kifaa cha kuongozea umeme kikaungua. Chombo cha watumia maji hakijakabidhiwa mradi rasmi, kwa hiyo hata michango yetu ya ndoo hakuna mwenye mamlaka ya kuitumia kutengeneza. Tumerudi ziwani, pale pale tunapooga, tunapoosha vyombo na watoto wanapocheza. Shuleni watoto wanapangwa mstari, wanapimwa urefu kwa fimbo, wanapewa vidonge vya kichocho, na jioni ile ile wanatumwa maji. Vidonge vinaua minyoo iliyomo mwilini, havimzuii mtoto kuambukizwa tena kesho yake.

Kuna watakaosema tuombe wenyewe. Tuliomba. Andiko linatakiwa kwa Kiingereza, wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kikundi cha mwalo kinatunza hesabu kwenye daftari, na daftari letu ni safi, kila mwanachama analisoma. Mwingine atasema nendeni halmashauri kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengewa vikundi. Ile ni mkopo wakuu, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na unarejeshwa. Jaketi la kumvusha mjamzito kwenda hospitali litarejesha mkopo kwa faida gani?

Nimeomba mara tatu nione bajeti ya mradi: kiasi gani kilikwenda kwenye jaketi, kiasi gani kwenye hoteli, mafuta na posho. Nimejibiwa huo ni mkataba kati ya shirika na mfadhili, mimi hainihusu. Wakati sahihi yangu wameitumia kuombea hizo fedha.

Wenye uzoefu wa miradi humu naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mnufaika anaweza kumwandikia mfadhili moja kwa moja, na barua yetu ya Kiswahili itapokelewa? Pili, kijiji kina haki gani juu ya vifaa vilivyoletwa kwa jina lake? Mkutano wa kijiji ukiamua stoo ifunguliwe, tutaambiwa tumeiba?

Nijibuni mapema. Giza linaanza Jumatatu, mitumbwi itatoka kama kawaida, na ufunguo anao afisa mradi, yuko Mwanza.