Waliooa na kuolewa Ujerumani: jina la ukwe lilianzia wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Mimi nimeolewa huku Westfalen kwa kina Meyer, na siku zote nilijua ni jina la kawaida tu maana kila mtaa wapo. Juzi baba mkwe kaniwekea mezani faili la ukoo, ndani kuna nakala ya kitabu cha ubatizo cha karne ya 18, mwandiko ule wa mkono wa Kijerumani cha zamani, Kurrent, herufi zote kama meno ya msumeno, sikuambulia kitu ikabidi anisomee yeye. Kumbe Meyer alikuwa msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, ndo anakusanya mazao na kodi, na asili yake Kilatini, maior. Kina Maier na Mayr wa kusini ni walewale.

Sasa kilichoniacha hoi, babu mwenyewe wa kwenye hicho kitabu hakuzaliwa Meyer! Alioa binti mrithi wa shamba, akahamia, akabeba jina la shamba. Kitabuni wameandika majina yote mawili, katikati neno genannt, yaani aitwaye. Huku ilikuwa kawaida kabisa. Kwetu mwanaume akihamia ukweni atasemwa mpaka azeeke, wenzetu wanampa na jina juu. Haya tiririkeni.

Mdau wa Hamburg: Shemeji zangu ni kina Schröder, wanajinadi babu zao walikuwa washona nguo. Kaskazini huku ni kweli, Schröder ni mkata vitambaa, ila nikakuta kwenye maeneo ya mvinyo Schröder ni kuli wa kushusha mapipa ghalani. Nikalitaja hilo mezani Krismasi, aisee wifi aliniangalia hadi nikaomba chumvi.

Mdau wa Ostfriesland: Huku kwetu mbona kama pwani tu, Ali bin Juma. Baba akiitwa Jan watoto wote ni Janssen, wajukuu wanabadilika tena. Napoleon ndo alikuja kuwalazimisha majina ya kudumu mwaka 1811, na bado wengine waliendelea na yao kimyakimya miaka mingi tu, kwa hiyo ukiona Janssen wawili usikimbilie kusema ni ndugu.

Mdau wa Köln: Sisi ni Kaiser, yaani mfalme mkuu 😂 Hakuna ufalme wowote. Wengi waliitwa hivyo kwa utani, au kwa kuwa babu aliigiza mfalme kwenye michezo ya sikukuu, au nyumba ilikuwa na kibao cha jina hilo.

Mdau mpya: Mnatafutaje lakini? Mke wangu hata hajui babu yake alizaliwa wapi.

Mwanzisha uzi: Mkuu anza na Standesamt, ofisi ya serikali ya kusajili vizazi, ndoa na vifo, Ujerumani nzima wanasajili tangu 1876, Prussia, ile dola kubwa ya Kijerumani ya zamani, walitangulia 1874. Nyuma ya hapo ni vitabu vya kanisa tu. Ni tovuti mbili: Wakatoliki angalia Matricula, ni bure, Waprotestanti wapo Archion ila unalipia. Cha kwanza pata kijiji, bila kijiji utazunguka tu maana kina Müller wamejaa nchi nzima.

Halafu kuna sheria mpya tangu Mei 2025, mke na mume wote mnaweza kubeba jina la pamoja lenye majina yenu mawili. Nimemgusia mume wangu, yeye hana shida, mama mkwe ndo kanuna. Wa Bavaria mbona kimya? Kina Huber njooni bana.